Pumzi ya Tatu

Naitwa Tatu. Kwetu Ujiji jina hili halina maajabu. Ni la mtoto wa tatu kuzaliwa, na mtaa mmoja unaweza kuwa na akina Tatu wanne. Lakini usiku mmoja wa mwaka 1991, nikiwa na miaka 10, babu aliniambia jambo lililonifanya nilibebe jina langu kama mzigo kwa miaka mingi.

Usiku huo kifua kilikuwa kimenibana. Mwenye pumu anaijua hali yenyewe: huwezi kulala, maana ukilala ni kama unazama. Nilikaa barazani kwenye jamvi, mikono nimeikita magotini, mabega yamepanda hadi masikioni, na kila pumzi ilitoka na mluzi. Bibi alikuwa uani anachemsha majani ya mkaratusi ili nipige nyungu. Babu alikaa karibu yangu. Hakunipepea wala kunisugua mgongo. Alizungumza tu, kwa sababu alikwisha kugundua kwamba nikisikiliza hadithi hofu hunipungua.

"Mjukuu wangu," alisema, "jina lako limewahi kuvaliwa na mwanamume. Mtu mweupe mwenye ndevu. Alivuka ziwa hili usiku, hapo Kigoma, kwenda Kongo vitani. Na hii pumu yako alikuwa nayo."

Babu hakuwahi kumwona kwa macho. Mwaka 1965 alikuwa kijana wa mitumbwi, na habari hizo alizipata kwa wenzake, kidogo kidogo, baada ya watu wenyewe kuondoka. Wala hakujua wakati ule kwamba anasimulia habari za mtu ambaye picha yake ingekuja kubandikwa kwenye vioo vya daladala kutoka Kigoma hadi Mbagala. Kwake yeye alikuwa "yule Tatu wa Wakuba". Mtu wa vita, mwenye kifua kibovu, aliyekuwa akipanda milima.

Nilimwuliza alipandaje milima na kifua kama changu. Babu akasema, "Alijikaza."

Nilikua na neno hilo. Imenichukua miaka 30 kujua kwamba halikuwa la kweli, au tuseme lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu ya pili ndiyo iliyokuwa ya maana.

*

Ernesto Guevara, ambaye dunia inamwita Che, alizaliwa Argentina mwaka 1928. Alikuwa hajatimiza miaka miwili pumu ilipomshika kwa mara ya kwanza, Mei 1930, baada ya mama yake kumpeleka kuogelea siku ya baridi. Tangu hapo maisha ya nyumba nzima yalizunguka kifua chake. Wazazi walihama kutafuta hewa kavu, wakaishia Alta Gracia, mji mdogo kwenye vilima vya Córdoba, na wakakaa huko miaka mingi kwa sababu tu mtoto alipumua vizuri kidogo.

Kijana huyo alipokua alicheza raga, mchezo wa kugongana vifua. Alikuwa akitoka pembeni ya uwanja, anavuta dawa, kisha anarudi ndani. Jeshi la nchi yake lilimkataa kwa sababu ya pumu. Alisomea udaktari, na katika masomo yake akafanya kazi kwenye kliniki ya mtaalamu wa mzio, ugonjwa wake mwenyewe ukiwa mbele yake kila siku. Mwaka 1952 alizunguka Amerika ya Kusini na rafiki yake Alberto Granado. Walianza na pikipiki moja kuukuu, na ilipokufa wakaendelea kwa miguu na kwa lifti za malori. Mwishoni mwa 1956 alikuwa mmoja wa watu 82 waliobanana kwenye boti iitwayo Granma, kutoka Mexico kwenda Kuba kuanzisha vita vya msituni.

Sehemu yetu inakuja Aprili 1965. Alifika Dar es Salaam kwa jina la uongo, akasafirishwa kwa gari hadi Kigoma, na usiku akavuka Ziwa Tanganyika na kundi dogo la Wakuba hadi ufukwe wa Kibamba, upande wa Kongo. Ili kuficha majina yao, viongozi wa kundi walipewa namba za Kiswahili. Víctor Dreke, ambaye mbele za watu ndiye aliyeonekana mkuu, akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che akawa Tatu. Kijana wa Kikongo wa miaka 16, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kumfundisha Kiswahili. Ilanga baadaye alipelekwa Kuba akasoma, na yeye mwenyewe akawa daktari.

Che alikaa milimani juu ya ziwa miezi saba. Alitibu wagonjwa, alipanda na kushuka, alishikwa na malaria na pumu kwa zamu, na akakonda vibaya. Vita havikwenda. Novemba 1965 walivuka tena kurudi Kigoma, na akajificha Dar es Salaam kwenye jengo la ubalozi wa Kuba, akaandika kitabu ambacho tangu mwanzo kinakiri kwamba walishindwa.

Siandiki hapa kuhusu siasa zake. Wapo waliouawa kwa amri yake, na jamaa zao wana lao la kusema. Mimi nilikuwa mtoto wa Ujiji mwenye pumu, nikamtazama kama mtoto wa namna hiyo angemtazama: mtu mwenye jina langu na ugonjwa wangu, ambaye hakukaa chini.

Kwa maana mimi nilikuwa nakalishwa chini. Shuleni, kipindi cha michezo kikifika, mwalimu alinielekeza chini ya mwembe kulinda viatu na masweta ya wenzangu. Hakuwa na ubaya. Aliniogopa. Mtoto anayebadilika rangi ya midomo mbele ya mwalimu mwenye wanafunzi 60 ni jambo la kuogopesha. Nilihesabu viatu vya wenzangu kwa miaka minne, na kila nilipovihesabu nilijiambia kwamba siku moja nitajikaza kama yule Tatu.

*

Siku yenyewe ilikuja mwaka 2004. Nilikuwa chuoni Morogoro, na kikundi chetu cha wanafunzi kiliamua kupanda Uluguru hadi kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Wakati huo nilikuwa na dawa ya kuvuta, ile ambayo wengi wetu tunaiita pampu au inhela. Nilikuwa nayo ya bluu tu, na niliificha kama mtu anavyoficha deni. Mtaani kwetu, na hata bwenini, yalisemwa maneno ambayo msomaji huenda ameyasikia: ukianza pampu hutaacha, pampu ni ya watu walio hoi, kifua cha mtu wa pampu kimekwisha.

Asubuhi ya safari niliiacha kwenye droo, kwa makusudi. Nilitaka kupanda kama mtu mzima kifua.

Tulipita Morningside salama. Juu yake msitu unafunga, ukungu unashuka, na hewa inakuwa ya baridi na maji maji. Nikaanza kukohoa kile kikohozi kikavu kinachotangulia. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama niko sawa, nikamwonyesha dole gumba. Robo saa baadaye sikuweza kumaliza sentensi. Baadaye sikuweza kusema neno. Kinachotisha kwenye pumu si kukosa hewa ya kuingia kama watu wanavyodhani. Hewa inaingia, ila haitoki. Mapafu yamejaa na milango imefungwa. Unavuta juu ya kilichojaa.

Wenzangu hawakujua la kufanya. Waliojua ni wanaume wanne waliokuwa wakishuka na mizigo ya ndizi kwenda sokoni. Waliiweka mizigo yao kando ya njia, wakakata miti miwili, wakafunga shuka na kanga mbili za wenzangu, wakanilaza machela, lakini nusu nimekaa, maana mzee wao mmoja alisema, "Huyu msimlaze, huyu akae." Alijua. Sijui alijulia wapi. Walinishusha wakipokezana mabega hadi kwenye gari, na ndizi zao zikabaki mlimani.

Nilipona baada ya siku tatu hospitalini. Sikumpata hata mmoja wao kumshukuru. Nilirudi wiki mbili baadaye na kuulizia njiani, nikaelekezwa huku na huku, nikarudi mikono mitupu.

*

Hapo ndipo nilipoanza kusoma upya habari za yule Tatu wa babu, safari hii nikitafuta kitu kimoja tu: dawa yake alikuwa nayo nani?

Maandishi yake mwenyewe yanajibu. Mwanzoni mwa 1957, katika milima ya Sierra Maestra, pumu ilimbana vibaya wakati askari wa serikali wakiwa nyuma yao, naye hakuwa na dawa. Alishindwa kutembea. Aliyemtoa pale ni mpiganaji mmoja wa kijijini, Luis Crespo, aliyemburuta, akambeba, akabeba na mkoba wake, huku akimtukana na kumtishia kitako cha bunduki ili asikate tamaa. Kisha mkulima mmoja alitumwa mjini kumtafutia adrenalini. Akaenda, katika nchi iliyojaa askari, na akarudi nayo. Che alimalizia safari hiyo akijishikiza kwenye miti, bunduki ikiwa fimbo yake. Alijikaza, ndiyo. Lakini alijikaza akiwa na adrenalini ya mkulima mwilini, na mgongo wa Crespo ulikwisha kufanya kazi yake.

Kisha nikasoma shajara yake ya Bolivia, mwaka 1967, na huko jambo likawa wazi kuliko nilivyotaka. Dawa zilianza kuisha. Julai wapiganaji wake waliuteka kwa muda mji mdogo wa Samaipata, na mojawapo ya mambo waliyoyafuata ni dawa za pumu. Walirudi bila kitu kilichomfaa. Mwanzoni mwa Agosti, amechoka na amebanwa kwa majuma, alimchoma kisu farasi aliyekuwa amempanda kwa hasira, na baadaye akawaambia wenzake kwamba alijisahau. Siku chache baada ya hapo redio ikatangaza kwamba jeshi limegundua mapango walimoficha akiba yao, na humo ndimo zilimokuwa dawa zake zilizobaki. Usiku huo aliandika kwamba sasa atateseka na pumu bila mwisho unaojulikana. Oktoba 9 aliuawa katika kijiji cha La Higuera.

Sisemi kwamba pumu ndiyo iliyomuua. Aliuawa kwa risasi, na vita vyake vilikuwa na kasoro nyingi zaidi ya kifua chake. Ninachosema ni kwamba mtu yule yule, mwenye moyo ule ule, alipokuwa na mtu wa kumletea dawa alivuka milima, na alipokosa akawa mzigo juu ya farasi. Moyo haukubadilika. Kilichobadilika ni mnyororo wa watu nyuma yake.

Nikaangalia na wengine. Theodore Roosevelt, rais wa Marekani, anatajwa sana kama mfano wa mtoto mwenye pumu aliyeushinda ugonjwa kwa mazoezi na ukakamavu. Alitua Mombasa Aprili 1909, muda mfupi baada ya kutoka madarakani, akapanda treni kuelekea bara, na kwa karibu mwaka mzima akawinda Kenya, Uganda na kushuka Nile. Lakini tazama nyuma ya picha. Alipokuwa mtoto New York, baba yake alimbeba mikononi akitembea naye chumbani usiku kucha, na usiku mwingine akamfungia gari la farasi na kuliendesha kasi mitaani ili hewa imwingie mtoto. Na huku kwetu, nyuma ya yule mwindaji shupavu, walitembea wapagazi zaidi ya 200, wamebeba mahema, vitabu na chumvi ya kuhifadhia ngozi. Majina yao hayamo kwenye sanamu yoyote.

*

Kinachobebwa nacho kina historia yake, na sehemu ya historia hiyo ilikuwa uani kwa bibi yangu.

Nyungu ya bibi ni ya zamani kuliko Uislamu na Ukristo. Katika Misri ya kale, karibu miaka 1,550 kabla ya Kristo, hati ya tiba inayojulikana kama Mafunjo ya Ebers ilieleza jinsi ya kuweka majani kwenye mawe ya moto, kufunika kwa chungu chenye tundu, na kuvuta moshi wake kwa unyasi. Nyungu yenyewe nimekwisha kuiacha. Mvuke haufungui mirija ya pumu, na nimeona mtoto akiungua kwa maji yake. Lakini wazo la kwamba dawa ya kifua ipitie kinywani kwenda kifuani, badala ya kupitia tumboni, lilikuwa sahihi tangu siku hiyo.

Bibi alikuwa na dawa ya pili: kikombe cha kahawa chungu, nyeusi kama lami, alichoninywesha hata usiku wa manane huku mama akilalamika kwamba mtoto hatalala. Roosevelt naye alinyweshwa kahawa nzito utotoni. Henry Hyde Salter, daktari wa London aliyekuwa na pumu mwenyewe, aliisifu katika maandishi yake karibu mwaka 1860. Leo tunajua sababu: kafeini hulegeza mirija ya hewa kidogo, kwa saa chache. Haitoshi kumwokoa mtu aliyebanwa, lakini bibi hakuwa mjinga.

Halafu kuna mnanaha, ule mmea wa miiba unaoota majalalani na kuwatia watu wazimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 matumizi yake ya kuvutwa kwa pumu yalipelekwa Uingereza kutoka India, na kwa zaidi ya miaka 100 wenye pumu wa Ulaya na Marekani walivuta sigara zake. Ndiyo, sigara za pumu, zikiuzwa kwenye maduka ya dawa. Mwandishi Marcel Proust alijifungia Paris katika moshi wa dawa za namna hiyo. Zilisaidia kidogo na kudhuru kidogo.

Adrenalini ilipatikana ikiwa safi mwaka 1901, kazi ya mkemia Mjapani Jokichi Takamine. Ndiyo aliyoitumia Che. Ilifungua kifua na kuupiga moyo mbio. Na tazama mwaka 1956, mwaka ule ule wa boti ya Granma. Marekani, msichana wa miaka 13 mwenye pumu alikuwa amechoka na kifaa cha kioo cha kubinya kwa mkono, kilichovunjika ovyo. Alikuwa amemwuliza baba yake kwa nini dawa yake isitiwe kwenye kopo la kupuliza kama ya nywele. Baba yake, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa. Swali la mtoto likazaa pampu ya kwanza yenye kipimo, na mwaka huo ikaanza kuuzwa.

Ilikuja na somo chungu. Katika miaka ya 1960, hasa Uingereza, vijana wenye pumu walianza kufa kwa wingi kuliko zamani, na pampu zenye isoprenalini kali zikashukiwa. Watu walipuliza, wakapata nafuu, wakapuliza tena, wakachelewa kwenda hospitali. Mwaka 1969 ikaingia sokoni salbutamoli, inayogusa mapafu zaidi kuliko moyo. Hiyo ndiyo pampu ya bluu. Mwaka 1972 ikafuata beklometasoni ya kuvuta, ambayo kwetu huwa ya rangi ya kahawia.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, nami nilikosea kwa miaka 15. Pumu si mirija kujikaza tu. Ni mirija iliyovimba kwa ndani, siku zote, hata siku unapojisikia mzima. Ya bluu inafungua mlango. Haizimi moto ulio nyuma yake. Ya kahawia inatuliza uvimbe, pole pole, kwa siku na majuma, na kwa sababu huhisi kitu ukiivuta, unaiacha. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hauwashauri tena watu wazima kutegemea ya bluu peke yake. Che hakuwahi kuwa na ya kahawia; alikufa miaka mitano kabla haijatoka. Paula Radcliffe, Mwingereza aliyegunduliwa na pumu akiwa na miaka 14, alizipata dawa za kuvuta za zama hizi, na mwaka 2003 akakimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25. Rekodi hiyo ilisimama miaka 16, hadi Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja Chicago.

*

Mwaka 2022, nikiwa na miaka 41, nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Nilivuta dawa ya kahawia kila asubuhi na jioni kwa mwaka mzima kabla ya kwenda. Daktari aliniandikia mpango kwenye karatasi moja, nikaupa nakala kiongozi wa safari, na tukausoma pamoja pale getini. Mstari wa mwisho ulisema: nikiihitaji pampu ya bluu mara ya pili ndani ya saa nne, tunashuka, bila mjadala.

Pampu ya bluu niliyoitegemea niliivaa shingoni, ndani ya nguo, kwa sababu kopo likipata baridi kali dawa haitoki vizuri. Ya akiba aliibeba kiongozi msaidizi, kifuani kwake, ndani ya koti. Na mmoja wa wapagazi, kijana wa Kilema aliyekuwa na kilo 20 kichwani, alibeba juu ya mzigo wake chupa tupu ya maji ya nusu lita niliyoitoboa chini na kuingiza mdomo wa pampu. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa kama hiyo inafikisha dawa kifuani mwa mtoto sawa na kifaa cha dukani. Wenzake walimtania kwamba amebeba chupa ya dada mwenye kiu ya hewa. Niliipenda tania hiyo.

Mandara, Horombo, Kibo. Siku nne nzuri. Usiku wa kilele tuliondoka saa sita, mstari wa taa gizani, hatua fupi, kokoto zikirudi nyuma kila ukikanyaga. Karibu na alfajiri nikavuta ya bluu mara ya kwanza. Tukafika Gilman's Point, mita 5,685, jua linatoka upande wa Mawenzi. Hewa pale ni kama nusu ya ile ya pwani. Uhuru ilikuwa mbele yetu, mita 210 tu kwa kimo, saa moja na nusu ya kutembea ukingoni. Niliiona.

Na mluzi ukarudi.

Naomba msomaji aniamini nikisema kwamba pale juu, kwa dakika kadhaa, sikuwa mwanamke wa miaka 41 mwenye karatasi ya daktari. Nilikuwa chini ya mwembe, nalinda viatu. Nilijua naweza kuficha. Nilijua jinsi ya kuvuta pumzi fupi ili mluzi usisikike, mbinu ninayo tangu utotoni. Neno la babu lilikuja lenyewe: jikaze.

Kiongozi msaidizi alinitazama. Alikuwa ameisoma karatasi. Hakusema neno, alifungua zipu ya koti lake akatoa pampu ya akiba, ya moto kwa joto la mwili wake, akaninyooshea. Nikajua kwamba nikiipokea, safari imekwisha.

Nikaipokea. Tukashuka.

Nililia hadi Kibo, sitasema uongo. Wenzangu waliofika Uhuru walitukuta Horombo jioni, nao kwa wema wao hawakuonyesha picha zao mpaka nilipowaomba. Usiku, kabla ya kulala, yule kijana wa Kilema alikuja mlangoni na chupa yake. "Dada, hii niitupe?" Nikamwambia aiache, bado ina kazi.

*

Babu alikufa mwaka 2009. Sikupata kumwambia kwamba Tatu wake hakujikaza peke yake, kwamba alikuwa na Crespo na mkulima wa adrenalini, na kwamba walipokosekana yakamkuta yaliyomkuta. Nadhani asingebisha. Maana na yeye usiku ule wa 1991 hakuniambia nijikaze kisha akaenda kulala. Alikaa na mimi barazani hadi alfajiri, na bibi akaja na kahawa mara tatu.

Mtoto wa kaka yangu anasoma shule ile ile niliyosoma. Ana pumu, na anacheza winga ya kulia. Mwaka jana nilikwenda Ujiji nikamkuta uwanjani saa kumi jioni, vumbi limetimka. Akatoka pembeni ya mstari, anahema. Mwalimu wake, binti mdogo kuliko mimi, alitoa mfukoni pampu na chupa ya nusu lita, akamshikia, akahesabu pumzi kwa sauti: moja, mbili, tatu.

Mwembe bado upo. Viatu vilikuwa vimerundikwa chini yake, na hapakuwa na mtu wa kuvilinda.